Kenchi Nne za Upande wa Barabara

Saa mbili asubuhi, upepo ulipoanza kung'oa vibao vya maduka, ukumbi wa shule ulikuwa umeshajaa, na kila mtu alikuwa amebeba kile ambacho mikono yake ilikikimbilia kwanza. Bonge, muuza nyama, alikuwa amekumbatia mzani wake. Mama mmoja alikuja na pasi ya umeme na mto. Fundi, seremala, aliingia na mkewe, kichanga chao cha siku kumi na moja, na sanduku la vyombo vya kazi lililomvuta bega likashuka upande mmoja.

"Shemeji," alisema dada wa mkewe, ambaye alikuwa msusi na amejifunga kioo cha saluni mgongoni kwa shuka, "watu wamebeba vyeti vya kuzaliwa, wewe umebeba nyundo. Kimbunga unataka kukigongomelea?"

"Na wewe hicho kioo cha nini?"

"Kikifika kijione sura yake, kitaona haya kirudi kilikotoka."

Waliokuwa karibu wakacheka, kicheko cha watu wenye woga, kinachoanza haraka na kukatika haraka.

Mwalimu mkuu, mwanamke mrefu mwenye filimbi shingoni, alikuwa akipanga watu kama anavyopanga wanafunzi. Wazee huku. Wenye mizigo kule. "Wenye watoto wachanga waende jukwaani," alisema. "Hakuna mlango, hakuna rasharasha. Mama kichanga, pale pale kwenye kona, upande wa barabara."

Mkewe Fundi alikwenda, akatandika kanga mbili, akakaa, akashusha pumzi. Palikuwa mahali pazuri kuliko pote ukumbini. Fundi alibaki amesimama. Alitazama juu. Dari ilikuwa nyeupe, safi, haina hata doa.

"Hapa pana baridi," alisema. "Twende kule karibu na mlango."

"Mlangoni ndiko kwenye joto?"

"Twende tu, mke wangu."

Mkewe alimtazama. Miaka sita ya ndoa ilikuwa imemfundisha kwamba mumewe hasemi neno kabla hajalipima, na hahamishi kitu bila sababu. Akakusanya kanga zake. Hawajafika hata katikati ya ukumbi, ile kona ikapata wenyewe wengine: mzee mstaafu wa posta anayetembelea magongo, na mama mwenye watoto watatu, ambaye alimpungia Fundi mkono kumshukuru kwa kuwaachia nafasi.

Fundi alirudisha mkono. Kisha akakaa chini, akaliweka sanduku lake katikati ya miguu, bila kuiondolea macho ile kona.

Ukumbi ule alikuwa ameuezeka mwenyewe, miaka miwili nyuma. Kenchi kumi na mbili, zile pembe tatu za mbao zinazobeba bati, na kila kenchi alitaka kuifunga ukutani kwa mikanda ya chuma, mmoja kila upande, misumari minane kila mkanda. Mafundi wengine walipita wakimcheka. Wao hupiga msumari mmoja wa mshazari wakashuka kunywa chai. Wakamwita Fundi Polepole, na jina likashika mpaka kwa watoto.

Polepole yake ilikuwa na utaratibu. Kwanza hukata mikanda yote. Kisha huitundika, kila mmoja mahali pake, kwa kimsumari kidogo. Baada ya hapo hurudi mwanzo, akaifunga mmoja mmoja bila kurukaruka. Alimaliza ukuta wote wa upande wa bahari. Upande wa barabara alifunga minane, misumari ikamwishia, na siku mbili zikapita akitafuta mingine. Vijana wa dari wakaja nyuma yake. Walitazama juu, wakaona mkanda kila kenchi, wakajua kazi imeisha, wakaziba. Aliporudi na pakiti ya misumari, dari ilikuwa inapakwa rangi na wageni wa ufunguzi walikuwa wanatarajiwa kesho yake asubuhi.

Fundi wa haraka asingefanya kosa hilo. Yeye angefunga au angeacha wazi, na kila mtu angeona.

Alijiambia atarudi wiki ijayo afungue kipande cha dari. Wiki ijayo ikaja na kazi nyingine. Baada ya mwezi aliona aibu kusema. Baada ya mwaka alikuwa karibu amejifundisha kusahau. Mikanda minne ilikuwa imening'inia huko juu ya ile kona, kila mmoja kwa kimsumari kimoja, kama nguo kwenye kamba.

Upepo ulikuja kutoka baharini, na ulikuja wote. Kwanza ulipiga mluzi kwenye matundu ya milango, kisha ukaacha mluzi ukaanza kunguruma, na mngurumo ule haukupumzika kwa muda wa saa tatu. Madirishani, kabla hayajafungwa kwa mbao za ubao mweusi, watu waliona bati la nyumba nzima likipita hewani, linajikunja na kujikunjua kama karatasi ya mtihani aliyoshindwa mtu. Mtu mmoja akasema, "Lile ni langu." Watoto walilia, kisha wakachoka kulia. Maji yaliingia chini ya mlango, watu wakayasukuma kwa fagio, yakarudi.

Na paa lilitulia. Lilivuma, lilitetema, vumbi la mbao likadondoka vichwani mwa watu, lakini lilitulia. Fundi alisikiliza kila kenchi upande wa bahari kama daktari anavyosikiliza kifua. Zilikuwa zimeshika.

Saa sita kasorobo, ghafla, kila kitu kikanyamaza.

Kimya kile kilikuwa kizito kiasi kwamba kichanga cha Fundi kilishtuka kikaamka. Kisha jua likapenya kwenye nyufa za mbao. Bonge akafungua mlango, akatoa kichwa, akakirudisha. "Mtaa umelala chini wote," alisema kwa sauti ndogo isiyolingana na mwili wake. "Nyumba yenye paa ni hii peke yake."

Macho yote yakapanda darini, kisha yakashuka, yakamtafuta Fundi.

"Polepole!" alipiga kelele mtu. Na Bonge, ambaye alikuwa wa kwanza kumcheka miaka ile, akavuka ukumbi kwa hatua nne, akamnyanyua juu juu na kumweka begani kama nusu ya ng'ombe. Watu wakapiga makofi. Mwalimu mkuu alikuja machozi yakimlengalenga. "Tulikusumbua," alisema. "Kila siku nilikuuliza lini, lini. Utusamehe, Fundi. Leo tungekuwa wapi?"

Kutoka kule juu begani Fundi aliona kila kitu. Alimwona mkewe anatabasamu karibu na mlango. Alimwona mstaafu wa posta, kwenye ile kona, ananyanyua gongo moja kumsalimu.

"Nishusheni," alisema.

"Kaa huko huko, shujaa wetu!"

"Bonge, nishushe."

Sauti yake haikupanda, lakini Bonge alimshusha.

Redio ndogo ya mwalimu mkuu ilikuwa inaendelea kusema. Hiyo ni katikati ya kimbunga, ilisema, jicho lake. Msitoke. Baada ya nusu saa hivi upepo utarudi, na utarudi kwa nguvu ile ile kutoka upande wa pili.

"Upande wa pili ni upande wa barabara," Fundi alisema. "Mnanisikia? Nina neno la kusema, na muda ni mdogo, kwa hiyo nitalisema mara moja." Akanyoosha kidole kwenye kona. "Kenchi nne za mwisho, pale, upande wa barabara, sikuzifunga. Mikanda imetundikwa tu. Dari ilizibwa kabla sijamaliza, na mimi nikanyamaza. Nimenyamaza miaka miwili. Zikinyanyuka zile nne, zitavuta zote."

Makofi yalikuwa yamekatika tangu neno la kwanza.

"Ulijua?" Bonge aliuliza. "Ulikaa humu na sisi tangu asubuhi, na ulijua?"

"Nilijua."

Mkewe alikuwa amesimama. Alisema polepole, si kwa hasira, na hilo lilimuuma zaidi. "Ndiyo maana ulituhamisha."

"Ndiyo."

"Ukamwacha yule mama na watoto wake."

"Ndiyo, mke wangu."

Mama mwenye watoto watatu alikuwa anawavuta wanawe, kimya, kutoka kwenye kona. Hakumtazama Fundi. Kisha mkewe Fundi alimpa msusi kichanga, akapangusa mikono kwenye kanga, akauliza kama anavyouliza kila asubuhi anapomfungia chakula cha kazini:

"Unahitaji nini?"

Swali lile lilimrudisha Fundi kwenye miguu yake. Hili aliweza kulijibu.

"Madawati ya kupanda, manne chini, mawili juu. Misumari thelathini na miwili. Ninayo tisa sandukuni. Na mtu mzito wa kushika madawati yasicheze."

"Mtu mzito," alisema Bonge. Alikuwa bado amekunja uso. "Tutagombana kesho, Polepole. Nakuahidi. Panda."

Mzee wa posta akatoa saa yake ya mkononi. "Miaka thelathini na mitano nimepeleka barua kwa wakati," alisema. "Nitahesabu mimi. Dakika ya sita sasa hivi."

Madawati yakapangwa. Fundi akapanda, akaipiga dari kwa nyundo, ubao mweupe ukavunjika ukaanguka vipande vipande, akaingiza kichwa gizani. Mikanda ilikuwepo. Minne, imening'inia palepale alipoiacha. Akashika wa kwanza, akauzungusha juu ya mbao, akauvuta mpaka ukabana.

"Msumari."

Mkewe alikuwa amesimama kwenye dawati la chini yake na kopo mkononi. Akampa. Ile tisa ikaisha upesi.

Chini, watu walikuwa wanang'oa misumari kwenye madawati, kwenye ubao wa matangazo, kwenye fremu ya picha ya wanafunzi bora. Ilitoka imepinda kama vidole vya bibi. Msusi alikuwa amemkabidhi kichanga mwalimu mkuu, akapiga magoti kizingitini, na kwa jiwe na nyundo ndogo akaigonga mmoja mmoja mpaka ikanyooka.

"Shemeji, itanyooka hiyo?" Fundi aliita kutoka darini.

"Nimenyoosha nywele za mtaa huu miaka ishirini, msumari ndio utanishinda? Fanya yako huko!"

Mtu akacheka. Kilikuwa kicheko cha kwanza siku ile ambacho hakikukatika haraka.

"Dakika ya kumi na tano," alisema mzee wa posta.

Mkanda wa kwanza ukafungwa. Wa pili. Mtu mmoja mlangoni hakuvumilia. "Harakisha, bwana! Piga miwili miwili uende!" Mkono wa Fundi haukubadilisha mwendo. Msumari, pigo la kuushikiza, mapigo matatu ya kuuzamisha, kidole kupapasa kichwa chake. Msumari mwingine. Jasho lilimwingia machoni na vumbi la miaka miwili likamjaa puani. Yule wa mlangoni alifungua mdomo tena, na Bonge, bila kuachia madawati, akamwambia, "Mwache. Hiyo polepole yake ndiyo imekufikisha adhuhuri."

"Dakika ya ishirini na nane. Jua limepotea."

Mkanda wa tatu ukaisha. Fundi akasogezewa madawati, akaushika wa nne, akauvuta, na ukamkatikia mkononi. Hewa ya chumvi ya bahari ilikuwa ikipenya pale kwa muda mrefu, na kutu ilikuwa imeula kimyakimya. Kipande kilichobaki kilivunjika kama biskuti.

Alitazama kile kipande. Akasikia, mbali upande wa barabara, mluzi.

"Kamba," alisema. Kisha akapaza sauti yake, na wengi pale walikuwa hawajawahi kuisikia imepanda. "Nataka kamba! Nene!"

"Tunayo ya siku ya michezo!" alijibu mwalimu mkuu. Akakiweka kichanga mapajani mwa mzee wa posta, akakimbia stoo, akarudi na kamba ya kuvutana, nene kama kifundo cha mkono, inaburuzika nyuma yake. Fundi aliipitisha juu ya kenchi ya nne, ncha zote mbili zikashuka chini. Alitafuta pa kuifunga. Nondo za dirisha zilikuwa nyembamba. Madawati yalikuwa mepesi. Hakukuwa na pengine.

"Kwa hiyo tunafunga wapi?" Bonge aliuliza.

Fundi aliruka chini. "Hatufungi. Tunashika. Mkanda wa nne ni sisi."

Hakuna aliyeuliza mara mbili. Bonge alijizungushia ncha moja kiunoni, na watu wakajipanga nyuma yake. Ishirini upande huu, ishirini upande ule, kama siku ya michezo, ila leo wote walikuwa timu moja. Aliyekuwa anapiga kelele mlangoni alikuja. Mama mwenye watoto watatu alikuja pia, akashika kamba mbele ya Fundi, akamtazama kwa mara ya kwanza tangu akiri, akasema, "Nionyeshe mikono inakaa vipi." Akamwonyesha. Msusi alitema mate viganjani. Mkewe Fundi alisimama nyuma ya mumewe.

"Wewe kapumzike," mumewe alimwambia. "Una siku kumi na moja tu."

"Nilizaa kwa saa kumi na nne," alisema. "Shika kamba yako."

Kisha ukuta wa barabara ukapigwa.

Upepo ulikuja kama lori lililokatika breki. Mbao za dirisha moja zilipasuka, mvua ikaingia imelala. Kwenye lile tundu la dari wote waliona kenchi tatu zilizofungwa zikitetemeka mahali pake. Ya nne ikanyanyuka. Ilinyanyuka upana wa kiganja, na kati ya ukuta na mbao ukatokea mstari wa mwanga wa kijivu, na kamba ikawavuta wote arobaini mpaka wakasimama kwa vidole vya miguu. Bonge, ambaye hakuna kitu kilichowahi kumwinua tangu utoto, aliondoka sakafuni, viatu vyake vikaning'inia.

"Mungu wangu, napaa!"

"Kaa chini!" msusi alimpigia kelele. "Mwili wote huo unautunza wa nini? Utumie leo!"

Wakacheka na kulia na kuvuta, yote kwa pamoja. Mwalimu mkuu akapuliza filimbi. "Moja, mbili, vuta! Moja, mbili, shikilia!" Mstari wa mwanga ukapungua. Ukafumba. Kenchi ikakaa ukutani kwa kishindo walichokisikia magotini.

Ikanyanyuka tena. Wakaishusha tena. Baada ya mara ya kumi hakuna aliyehesabu. Filimbi ikawa mwendo, mwendo ukawa wimbo usio na maneno, sauti nzito za upande huu zikiitikiwa na sauti nyembamba za upande ule. Waliochoka walibadilishwa mmoja mmoja, bila kamba kulegea, na Fundi alipita akiwapanga: weka mguu hapa, usivute kwa mgongo, vuta kwa miguu. Wazee wasioweza kushika kamba walishika viuno vya walioshika. Mzee wa posta alikaa na kichanga mapajani, anakisomea dakika kwa sauti ya upole kama hadithi, na kichanga, katikati ya kelele zile zote, kililala.

Dakika ya mia na arobaini, kenchi ilinyanyuka unene wa kidole. Ya mia na sitini, haikunyanyuka.

Mluzi ulirudi matunduni, ukawa hafifu. Mvua ikasimama wima. Kutoka mahali fulani nje kuku akalalamika, na lilikuwa lalamiko la kawaida kabisa.

Hakuna aliyeachia kamba.

"Umekwisha," alisema mwalimu mkuu. "Jamani, umekwisha. Achieni."

"Anza wewe," alisema msusi.

"Mimi sijashika, nina filimbi."

"Bonge, achia."

"Nikiachia likaondoka, mtasema ni mimi. Aachie Fundi."

Fundi alitazama juu. Alitazama kwa utaratibu wake, kenchi moja baada ya nyingine, zote kumi na mbili, huku watu mia mbili wakimsubiri na hakuna aliyemwambia aharakishe. Kisha akasema, "Wote. Nikifika tatu."

Akahesabu. Kamba ikaanguka sakafuni kwa uzito wake wote. Walibaki wameinua vichwa, mikono bado imekunjwa kama vile imeshika kitu. Paa lilikaa. Maji yalidondoka kwenye tundu la dari, tone, tone jingine, na paa lilikaa.

Kelele zilizofuata zilisikika zaidi, kama walivyokuja kusema watu wa hospitali iliyo upande wa pili wa mji, kuliko kimbunga chenyewe. Watu walikumbatiana na wasiowajua. Mtu alimbusu mwalimu mkuu kwenye paji la uso na hakuadhibiwa. Mama mwenye watoto watatu aliwakumbatia wanawe, kisha akaja akasimama mbele ya Fundi.

"Sijakusamehe bado," alisema.

"Najua."

"Lakini ulisema. Ungeweza kunyamaza, ukabaki kuwa shujaa." Akampa mkono. Mikono yote miwili ilikuwa imechunika, na wote wawili wakakunja uso kwa maumivu, wakacheka.

"Njoo umchukue mwanao," mkewe alimwita. "Mikono yangu haifungi tena."

Fundi alikichukua kichanga kutoka kwa mzee wa posta, kwa viwiko, maana na viganja vyake havikufaa kitu. Milango ikafunguliwa. Nje hakukuwa na mtaa. Kulikuwa na mabati mitini na magodoro barabarani, na kazi ya miezi mingi, na anga lililooshwa. Watu walitoka chini ya paa lao mmoja mmoja, wakisimama mlangoni kila mmoja kugusa ukuta, wengine kwa kiganja, wengine kwa ngumi.

Bonge alikuwa amezungukwa na watu wa mtaa wa jirani waliokuja kuangalia ni nani aliyepona. "Liliniinua mpaka hapa," aliwaambia, akionyesha bega lake.

"Vidole viwili," alisema msusi akipita. "Mimi nilikuwa nyuma yako."

"Mita moja! Miguu ilining'inia!"

"Kufika jioni utakuwa umefika mwezini. Shemeji, mwambie."

Fundi alifikiri kwanza, kama kawaida yake. Kichanga kilifumbua jicho moja kikalitazama jua.

"Mita moja," alisema. "Na nusu."